Mbwa wako anatikisa kichwa kutwa? Huenda shida iko sikioni

Ukishuka matatu pale Lunga Lunga na kupanda bodaboda kuelekea Vanga, utapita Jego kabla hujafika baharini. Utaona minazi, mikorosho, mashamba ya mahindi na mihogo, na mbuzi waliojilaza kando ya barabara kana kwamba barabara ni yao. Na kwenye boma nyingi zenye shamba utaona mbwa. Hawa si mbwa wa kupigwa picha za Instagram. Wana kazi. Mchana wanafukuza nyani na nguruwe mwitu, usiku wanabweka mgeni akikaribia zizi.

Mjomba wangu anaye mmoja, anaitwa Popi. Kila nikienda kwa mjomba, Popi hunisikia kabla bodaboda haijazimwa, anakuja mbio mkia ukizunguka. Lakini mwaka mmoja wakati wa masika nilishuka na hakuja. Nilimkuta chini ya mwembe, kichwa kimeinama upande mmoja, anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma mpaka analia. Nilipomgusa kichwani alinionyesha meno. Popi, ambaye nilimjua tangu akiwa kijibwa cha kushika kwa mkono mmoja!

“Shikamoo mjomba. Popi ana nini?”

“Marahaba mwanangu. Wiki ya pili hii. Majirani wanasema ni kichaa. Wanataka nimmalize.”

Jirani mmoja alikuwa ashaahidi kuleta rungu. Mwingine, mwenye bodaboda, alikuwa na wazo la huruma kidogo: tummwagie sikioni oili chafu ya injini, “wadudu wafe”. Bahati ya Popi ni kwamba alikuwa na cheti cha chanjo ya kichaa, hakuwa ameuma mtu, na hakuwa ameumwa na mbwa mwingine. Tuliomba siku mbili. Katika siku hizo mbili tukampata daktari wa mifugo, na nikajifunza mambo ambayo ningependa nawe uyajue, iwe mbwa wako yuko Jego, Ukunda au kwenye ploti yenu Mombasa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida mno: uvimbe na maambukizi ya sikio la nje. Unatibika. Lakini ukiuacha, au ukiutibu kwa kubahatisha, unaweza kumfanya mbwa kiziwi, kumwondolea usawa wa kutembea, au kumfanya auawe kwa kosa ambalo si lake.

Sikio la mbwa si kama lako

Hapa ndipo watu wengi tunapotea. Tundu la sikio lako ni fupi, kama sentimita 2.5 hivi, na linaenda karibu moja kwa moja mpaka kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti. La mbwa ni refu zaidi, kati ya sentimita 5 na 10 kulingana na ukubwa wake, na limepinda. Linashuka kwanza kwenda chini, kisha linakata kona kuelekea ndani ya kichwa. Chora herufi L kwenye karatasi, utaelewa.

Sasa fikiria maji yakiingia kwenye bomba la namna hiyo. Yatatokaje? Nta, uchafu na unyevu vinashuka hadi kwenye kona na kukaa hapo. Hewa haipiti vizuri. Ni giza, ni joto, kuna majimaji. Kwa vijidudu hiyo ni nyumba ya bure isiyo na kodi.

Na Pwani yetu inaongeza chumvi kwenye kidonda. Hewa ina unyevu mwaka mzima, na masika ikianza hata nguo kwenye kamba zinakataa kukauka. Mbwa wa Diani anaoga baharini na mwenyewe kila Jumapili. Mbwa wa Jego anazunguka kwenye nyasi zenye umande na kupe. Kila mmoja ana njia yake ya kupata shida ileile.

Nani hasa analeta balaa?

Daktari aliyekuja kumwona Popi alituambia kitu ambacho hakijanitoka: vijidudu unavyovikuta sikioni mara nyingi si chanzo. Vimekuja baadaye kula mabaki. Bakteria na fangasi jamii ya hamira huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima bila kumsumbua. Sikio likiwashwa, likivimba na kulowa, ndipo vinapozaana kupita kiasi. Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kujibu. La kwanza, ni kijidudu gani kimo humo sasa? La pili, ni nini kilichokifungulia mlango?

Wafungua mlango ni hawa.

Kupe na utitiri. Kupe huingia sikioni na kujibana ndani ambako huwaoni kwa macho tu. Utitiri wa sikio ni wadudu wadogo sana wanaowapata hasa vijibwa na paka, na huambukizana haraka wanyama wakilala pamoja. Mara nyingi huacha uchafu mweusi mkavu unaofanana na machicha ya kahawa.

Vitu vya nje. Mbegu ya nyasi yenye ncha ikiingia, haitoki. Kila mbwa akitikisa kichwa inazidi kuzama. Ukiona mbwa aliyekuwa mzima asubuhi ameanza ghafla kutikisa kichwa na kujikuna sikio moja pekee baada ya kutoka porini, shuku hilo.

Mzio. Huu ndio chanzo kikubwa kwa mbwa ambao shida yao inarudi kila baada ya miezi michache. Mwili wa mbwa unakataa vumbi, chavua, viroboto au chakula fulani, na ngozi ya sikio, kwa kuwa ni ngozi kama nyingine, inawaka. Mbwa wa namna hii utamwona pia akilamba makucha na kujikuna tumbo na makwapa.

Homoni. Mbwa mwenye umri, hasa ambaye tezi la shingoni halifanyi kazi vizuri, anaweza kupata ngozi dhaifu na masikio yasiyopona.

Kisha kuna mambo yanayorahisisha tu: masikio makubwa yanayoning'inia kama ya Labrador au spaniel, nywele nyingi ndani ya tundu, kuogelea, na hata wewe mwenyewe ukimsafisha kupita kiasi. Mbwa wetu wa kienyeji wenye masikio yaliyosimama wana nafuu kwa sababu hewa inapita, lakini nafuu si kinga. Masikio ya Popi yamesimama kama antena na bado aliugua.

Dalili ambazo huhitaji digrii kuziona

Chukua dakika moja leo jioni umwangalie wako. Je, anatikisa kichwa mara kwa mara? Anasugua sikio kwenye ukuta au mkeka? Ndani ya sikio ni pekundu? Kuna nta nyingi ya kahawia, au usaha wa manjano au kijani? Nusa, ndiyo, nusa. Sikio zima halina harufu kali. Likinuka kama kitu kilichochacha, au kama kitu kilichooza, kuna jambo.

Angalia pia kama sikio lenyewe, lile jani la nje, limevimba kama mto mdogo. Mbwa akitikisa kichwa kwa nguvu siku nzima, mishipa midogo hupasuka na damu hujaa kati ya ngozi na gegedu. Usiitoboe nyumbani kwa sindano. Utaingiza uchafu, na damu itajaa tena kwa sababu kinachomfanya atikise kichwa bado kipo.

Zipo dalili ambazo ukiziona hungoji kesho. Kichwa kimepinda upande mmoja na hakirudi. Anatembea kama mlevi au anaanguka. Macho yanacheza huku na huku yenyewe. Upande mmoja wa uso umelegea. Hapo maambukizi yanaweza kuwa yamepita kiwambo na kuingia sikio la kati au la ndani. Usimimine kitu chochote humo. Mpeleke kwa daktari.

Je, si kichaa?

Swali hili lazima tulijibu kwa uangalifu, kwa sababu kukosea upande wowote kunaua.

Mbwa mwenye sikio bovu anauma kwa sababu umemgusa panapouma. Ukimwacha, anatulia. Bado anakula, anakunywa maji, anakutambua, anabweka kwa sauti yake ileile. Mbwa mwenye kichaa hubadilika yeye mzima. Anaweza kushambulia bila kuchokozwa, au akawa mpole kupita kawaida. Sauti inabadilika, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, miguu inalegea, na kwa kawaida anakufa ndani ya siku 10 hivi tangu dalili zianze.

Lakini usijifanye daktari. Ikiwa mbwa hana chanjo, ameumwa na mnyama mwingine, ameuma mtu, au tabia yake imebadilika kwa namna usiyoielewa, usimguse. Mfungie mahali ukiweza kufanya hivyo kwa usalama, kisha piga simu kwa ofisi ya mifugo. Na akikuuma, au hata mate yake yakiingia kwenye mkwaruzo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulize chanjo. Usiende kwanza kwa mganga wala usingoje uone. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na sasa nchi imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ndiyo silaha kubwa. Ndiyo pia iliyomwokoa Popi na rungu la jirani. Kile cheti kilichokunjamana ndani ya pochi ya mjomba ndicho kilichotupatia siku mbili.

Siku ya daktari

Usitarajie daktari mzuri aangalie mara moja na kukuandikia dawa. Ataanza na maswali. Imeanza lini? Sikio moja au yote mawili? Imewahi kutokea? Anaogelea? Anakula nini? Mmeshamtia nini humo? Hapa sema ukweli. Kama mlimwaga mafuta ya taa, sema. Hakuna atakayekupeleka polisi kwa kukiri, na jibu lako linabadilisha matibabu.

Kisha atamfunga mdomo. Kwa Popi tulitumia bendeji laini: kitanzi juu ya pua, kinavuka chini ya kidevu, kinafungwa nyuma ya masikio. Si ukatili, ni usalama wa wote. Ila mbwa hupoza mwili kwa kuhema, kwa hiyo usimwache amefungwa muda mrefu kwenye joto letu hili, na usimfunge kabisa anayetapika au anayepumua kwa shida.

Baada ya hapo atachukua kifaa chenye taa na mdomo mwembamba, avute sikio taratibu kunyoosha ile kona, na kuchungulia ndani. Anatafuta mambo matatu: kuna kitu kimekwama, njia imevimba kiasi gani, na je, kiwambo ni kizima? Wakati mwingine maumivu ni makali mno, inabidi mbwa apewe dawa ya usingizi kwanza.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu wengi wanairuka, na ndiyo muhimu kuliko zote. Atachukua uchafu kidogo kwa kijiti cha pamba, auviringishe juu ya kipande cha kioo, autie rangi na kuutazama kwa hadubini. Fangasi wa jamii ya hamira wanaonekana kama karanga au nyayo ndogo. Bakteria wengine ni wa mviringo, wengine ni kama vijiti. Utitiri unaonekana ukitembea kwenye tone la mafuta. Akiona vijiti vingi, au sikio ambalo limekataa dawa za awali, anaweza kupeleka sampuli maabara waoteshe bakteria hao na kujua dawa ipi inawamaliza.

Kwa nini asiamue kwa rangi ya uchafu tu? Kwa sababu rangi inadanganya. Uchafu wa kahawia unaweza kuwa fangasi, bakteria, au wote pamoja. Ukimpa mbwa mwenye fangasi dawa ya bakteria peke yake, unapoteza wiki mbili na pesa zako, na fangasi anazidi kutanua.

Kwa Popi, kifaa kilionyesha kupe wawili walionona wamejibana karibu na kona. Waliondolewa kwa koleo ndogo. Kile kipande cha kioo kilisafiri na daktari hadi kwenye hadubini, na kesho yake simu ikaja: ni fangasi. Oili chafu ya injini ingefanya nini hapo? Kuunguza ngozi ambayo tayari ni kidonda, basi.

Dawa, na kwa nini huwezi kuishia njiani

Matibabu yana sehemu tatu. Kwanza ni kusafisha, kwa sababu dawa haiwezi kupenya ukuta wa usaha na nta. Pili ni dawa ya matone inayowekwa ndani ya sikio lenyewe. Nyingi huchanganya vitu vitatu: cha kuua fangasi, cha kuua bakteria, na steroidi ya kupunguza uvimbe na mwasho. Tatu ni kushughulikia chanzo: kuua kupe na utitiri, kutoa mbegu, kutuliza mzio.

Kama ni utitiri, tibu wanyama wote wa nyumbani kwa wakati mmoja, paka akiwemo, hata kama hawajikuni. Mzunguko wa maisha ya wadudu hawa ni kama wiki tatu, kwa hiyo dozi ya siku moja mara nyingi haitoshi. Na usichome sindano ya ng'ombe ya kuua kupe kwa kukadiria kwa macho. Kuna mbwa, hasa wa jamii ya collie na machotara wao, ambao dawa ya ivermectin kwa kipimo kikubwa inaweza kuwaangusha kabisa.

Matone hutumika kwa kawaida wiki moja hadi nne, kutegemea hali. Siku ya tatu au ya nne harufu itaisha, mbwa atachangamka, nawe utashawishika kuacha. Usiache! Ile kona ya ndani bado ina vijidudu, na ukiwaachia nafasi, wanaobaki ni wale sugu. Rudi kwa daktari aangalie tena kabla hujasema kazi imekwisha.

Namna ya kusafisha na kutia dawa

Hili utalifanya wewe nyumbani, baada ya daktari kuhakikisha kiwambo ni kizima na kukupa dawa ya kusafishia. Fuata hivi:

1. Shika chupa mikononi dakika chache ipate uvuguvugu. Dawa baridi sikioni humpa mbwa kizunguzungu.

2. Mwite mtu ambaye mbwa anamwamini. Mkae nje au mahali ambapo hamjali kuchafuka.

3. Inua sikio juu, mimina dawa ijae tunduni. Usiguse ndani kwa mdomo wa chupa.

4. Kanda chini ya sikio, pale kwenye shina lake, sekunde 20 hadi 30. Utasikia sauti ya majimaji. Hiyo ndiyo unayoitaka.

5. Mwachie atikise kichwa. Ndiyo, utarushiwa. Kazi ya kutoa uchafu wa chini anaifanya yeye.

6. Futa kwa pamba kile unachokiona tu. Usizamishe kijiti cha pamba, kwa sababu unasukuma uchafu kwenye kona.

7. Ngoja kama dakika 10, kisha tia matone uliyopewa, kanda tena, na mpe zawadi. Kipande cha samaki kisicho na miiba kinafanya maajabu.

Kama bado hujafika kwa daktari, unachoruhusiwa ni kidogo: futa sehemu ya nje kwa pamba iliyolowa maji safi ya uvuguvugu, na mzuie asijikune. Ukiona kupe kwenye jani la nje la sikio, mshike kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta. Aliye ndani ya tundu mwachie daktari.

Haya hapa usithubutu

Mafuta ya taa. Oili ya injini. Jiki. Spiriti. Maji ya betri, na usicheke, watu wanajaribu. Vyote hivi vinaunguza. Juisi ya ndimu kwenye ngozi yenye vidonda ni mateso. Matone ya sikio ya binadamu yaliyobaki nyumbani nayo yaache. Kama kiwambo kimetoboka, baadhi ya dawa, gentamisini ikiwemo, zinaweza kuharibu usikivu wa mbwa moja kwa moja.

Na zile video za TikTok za mtu akimwaga kitu chenye povu na uchafu ukatoka kama bomba? Angalia kwa burudani tu. Yule mtu hajui kiwambo cha mbwa wako kikoje.

“Lakini mbona inarudi?”

Ukishatibu mara tatu kwa mwaka, acha kununua chupa ileile ya matone na uulize swali la chanzo. Daktari anaweza kukushauri dawa ya kupe na viroboto mwaka mzima. Anaweza kukuambia umpe mbwa chakula cha aina moja ambacho hajawahi kula kwa wiki kama nane, bila makombo ya mezani, kuona kama mzio ni wa chakula. Ni kazi, hasa nyumba yenye watoto wanaodondosha mandazi. Lakini sikio linalovimba mara kwa mara hunenepa ndani, njia inaziba, na mwishowe linakuwa gumu kama mfupa. Likifika hapo, linalobaki mara nyingi ni upasuaji wa kuondoa tundu zima, na huo si rahisi kuupata wala kuulipia.

Kinga ni nafuu. Akitoka baharini, mwoshe chumvi kwa maji safi na umkaushe masikio kwa taulo. Mkague kupe kila jioni, na kwenye masikio uanzie hapo. Sikio zima lisilo na shida usilisafishe kila siku, una hatari ya kuliudhi bure.

Na najisi je?

Tuongee wazi, maana Jego na sehemu kubwa ya Kwale ni Waislamu, na swali hili ndilo linalowafanya vijana wengi waogope kumgusa mbwa anayeumwa. Katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi Pwani wanayafuata, kugusana na mate au unyevu wa mbwa kunahitaji kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Lakini kumfuga kwa ulinzi wa shamba na mifugo kunaruhusiwa, na kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kinafundishwa madrasa. Mjomba alikuwa na suluhisho rahisi: glavu za mpira, nguo maalumu ya kazi hiyo, na ndoo ya maji pembeni. Ukiwa na shaka muulize ustadhi wako. Ila shaka isiwe sababu ya kumwacha mnyama aoze sikio.

Utampata nani, na kwa pesa gani?

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za mifugo, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo anzia ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo yako. Hata kama kazi yao kubwa ni ng'ombe na mbuzi, watakuelekeza. Miji ya Ukunda na Mombasa ina madaktari binafsi. Kabla hujalipa, uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, KVB, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011. Mwenye usajili hataona vibaya kuulizwa.

Uliza bei mapema: ya kuja, ya kipimo, ya dawa na ya marudio. Kama nyinyi ni majirani kadhaa wenye mbwa, changeni nauli mumlete daktari mara moja, awaone wote na awachanje kichaa siku hiyohiyo. Kwetu boma nne zilichanga. Mmoja wa waliochanga ni yule jirani wa rungu.

Tena kumbuka, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Kumwagia mbwa oili sikioni hakuwi matibabu kwa sababu ulikuwa na nia njema.

Popi alimaliza dawa yake wiki tatu baadaye. Jani la sikio lake la kushoto lilikuwa limejaa damu kwa kutikisa kichwa, na lilipopona lilijikunja, likabaki hivyo kama jani la mkorosho lililokauka. Halitanyooka tena. Ndiyo gharama ya zile wiki mbili za mwanzo tulizongoja. Lakini anasikia. Mara ya mwisho nilipokwenda, bodaboda ilikuwa bado iko mbali, karibu na mnazi ulioinama, nikamwona anakuja mbio, sikio moja juu, jingine limekunjwa.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujashika simu, mwite mbwa wako, inua sikio, tazama, nusa. Ni dakika moja tu.